Kiti cha pweza mwenye miiba: akishapita, nani anabaki mwambani?

#1 Mwambani

Salaam wanajamvi.

Wiki iliyopita kwenye uzi wa bei ya samaki, mwenzetu mmoja aliuliza inakuwaje mwamba mmoja umekufa na wa jirani yake uko hai, ilhali maji ni yale yale. Nilimwahidi jibu. Nimelichelewesha kwa sababu ni refu, na sehemu yake kubwa inatoka mbali, kisiwa cha Moorea huko Polinesia ya Ufaransa, ambako mambo haya yamepimwa mwaka hadi mwaka kuliko karibu popote ninapopajua. Kwetu nitarudi baadaye.

Nianze na nilichokiona mwenyewe. Kazi yangu ni kuongoza wazamiaji, Unguja upande wa magharibi. Asubuhi moja, mita saba hivi chini, nilikuta tumbawe la meza lina rangi mbili: nusu kahawia, nusu nyeupe pee kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Weupe ule haukuwa wa joto. Tumbawe likipauka kwa joto, ukilisogelea unaona nyama bado ipo, imekuwa kama kioo tu. Hili nyama haikuwepo kabisa, na kati ya uhai na mfupa kulikuwa na mpaka kama wa kukatwa kwa kisu. Nikainama nikachungulia chini ya meza. Alikuwa pale kivulini, mpana kama sinia la kupakulia wali, rangi ya zambarau iliyofifia, miiba ya urefu wa kidole cha mtoto. Nilihesabu mikono, nikafika kumi na saba. Mmoja tu ndio ulikuwa umetokeza ukingoni.

Huyo ndiye ninayemzungumzia. Sisi tunamwita kiti cha pweza kama wenzake wote wa umbo la nyota, ingawa hawa wa kawaida wa mikono mitano ni wapole na yeye siye. Wataalamu wanamwita Acanthaster. Wamoorea na Watahiti wanamwita taramea. Mimi humu nitamwita mwenye miiba, tuelewane.

Anavyokula: hukaa juu ya tumbawe, hulitoa tumbo lake nje kupitia kinywani, akalitandaza kama mkeka. Tumbo linayeyusha nyama pale pale na kuinyonya. Akimaliza analirudisha ndani, anasogea, nyuma yake kinabaki kiraka cheupe. Mmoja mzima anaweza kumaliza mpaka mita 10 za mraba za matumbawe kwa mwaka. Mwamba wenye afya una mmoja mmoja waliotawanyika, hata hawafiki mmoja kwa hekta, na kwa idadi hiyo mwamba hausumbuki. Wanajificha mchana, wanakula usiku, matumbawe yanaota kuliko wanavyoyala.

Balaa ni pale wanapokuwa wengi. Kwenye Mwamba Mkuu wa Kizuizi wa Australia, wakifika kama 15 kwa hekta wanahesabiwa kuwa wamelipuka, kwa sababu hapo ulaji unaanza kuushinda uotaji. Na wakiwa wengi hawajali tena mchana wala usiku. Wanapanda juu ya matumbawe jua likiwaka, mmoja juu ya mwingine.

Jike kubwa hutoa mayai kwa makumi ya mamilioni kwa msimu. Kati ya hayo karibu yote hufa. Lakini hesabu ikiyumba kidogo tu upande wa watoto kupona, miaka miwili mitatu baadaye una jeshi.

Naweka nanga hapa kwa leo. Kesho Moorea.

#2 Nahodha wa Zamani

Shukrani mwanangu. Hawa tuliwaona sana kati ya Bawe na Changuu, miaka ya elfu mbili na mbili, na tatu hivi. Ukizamia unakuta mwamba mweupe halafu baada ya wiki chache umekuwa kijani cha uchafu. Sisi tukiwakuta kwenye dema tulikuwa tunawakata vipande kwa panga tunawarudisha majini, tukijua tumeua. Tulikuwa tunakosea?

#3 Mwambani

Shikamoo nahodha. Ndiyo, kukata na kurudisha majini si njia nzuri. Jamii hii ya wanyama inaota upya mikono, na kipande chenye sehemu ya kutosha ya mwili kinaweza kupona. Walioko kwenye kazi hii wanamtoa mzima kwa koleo au chuma kirefu, wanampeleka nchi kavu, wanamfukia. Australia wanampiga sindano ya chumvi za nyongo ya ng'ombe, moja tu inatosha. Zamani dawa waliyotumia ilihitaji kumchoma mara nyingi mwili mzima, mzamiaji anamaliza mtungi wa hewa kwa wanyama wachache. Siki ya kawaida ya dukani nayo ilijaribiwa, ikaua. Ila mtu asichukue bomba la sindano akaingia baharini peke yake, wazungumze na wasimamizi wa eneo lao kwanza.

Na mkono mtupu hapana kabisa. Mwenzangu alichomwa kwenye kiganja akijaribu kumgeuza. Miiba ina sumu na inavunjikia ndani. Mkono ulivimba mpaka kiwiko na akatapika boti nzima ya kurudi. Kilichompa nafuu ni kuutumbukiza mkono kwenye maji ya moto kadiri alivyoweza kustahimili, kisha hospitali miiba ikatolewa.

Haya, Moorea.

Ni kisiwa cha milima, kilomita 17 kutoka Tahiti, kimezungukwa na mwamba. Ndani ya mwamba kuna maji ya kina kifupi, nje kuna mteremko unaoshuka kwenye bahari kuu. Kuna kituo cha utafiti cha Wafaransa kinaitwa CRIOBE na kingine cha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwa hiyo kila kitu kilichotokea pale kilihesabiwa: matumbawe, samaki, mwani, wenye miiba.

Mwaka 2005 mteremko wa nje ulikuwa umefunikwa na matumbawe hai zaidi ya asilimia 40. Kisha taramea wakalipuka, kuanzia kama 2006. Kufika 2010 yalibaki chini ya asilimia 5. Hebu fikirieni mtaa wenye nyumba mia nne, baada ya miaka minne unarudi unakuta hamsini hazifiki zenye watu.

Lakini hawakula ovyo. Walianza na Acropora, yale ya matawi na ya meza, ambayo yana nyama nyingi na yanaota haraka. Yalipopungua wakahamia Pocillopora, yale ya vichaka vifupi kama koliflawa. Porites, yale mabonge makubwa ya mviringo yanayoota taratibu sana, waliyaacha mwisho. Kwa hiyo mapema kabisa, kabla hujasema mwamba umekufa, tayari wenye miiba wameshachagua nani aishi. Mwamba wa matawi umegeuka kuwa mwamba wa mabonge.

Na kila aina ya tumbawe ina watu wake. Vitatange wanaokula matumbawe hai ndio walioumia kwanza. Kuna mmoja mwenye mistari ya mshazari mwilini, Chaetodon trifascialis, chakula chake karibu chote ni Acropora. Anashika meza moja ya Acropora kama mwenye duka anavyoshika kibaraza, anazunguka hapo siku nzima, anafukuza wengine. Meza ikiliwa hana pa kwenda. Samaki wa aina hii walipungua vibaya sana Moorea. Sio kwamba wenye miiba waliwagusa. Waliondoa sahani tu.

Upande wa pili wa hesabu: mfupa mweupe haukai mweupe. Ndani ya wiki chache unaota utando wa mwani mfupi, ule unaoteleza. Huo ni malisho. Pono na kangaja wakaongezeka. Nahodha, hicho kijani cha uchafu ulichokiona wewe Bawe ndicho hicho.

#4 Mwalimu wa Sayansi

Nafundisha kidato cha tatu, nimeusoma uzi wote darasani kwa sauti. Wanafunzi wanauliza: wanalipuka kwa nini? Na je, ni wageni kama wale kunguru wa Zanzibar?

#5 Mwambani

Wasalimie sana mwalimu.

Wageni hapana. Linnaeus alimpa jina la kisayansi mwaka 1758, na alikuwepo baharini muda mrefu kabla ya hapo. Kwa muda mrefu walidhani ni spishi moja kuanzia Bahari ya Shamu mpaka Pasifiki. Vipimo vya vinasaba vya mwaka 2008 vikaonyesha wamegawanyika makundi manne: Bahari ya Shamu, kaskazini ya Bahari ya Hindi, kusini ya Bahari ya Hindi, na Pasifiki. Taramea wa Moorea na huyu wetu ni binamu, hawatoki tumbo moja.

Kwa nini wanalipuka, hapo kuna maelezo mawili makubwa, na mimi naamini yote mawili yana ukweli kwa mahali tofauti.

La kwanza linaanzia nchi kavu. Mtafiti Charles Birkeland aliandika mwaka 1982 kwamba kwenye visiwa vya milima vya Pasifiki milipuko ilikuwa ikifuata kama miaka mitatu baada ya mvua kubwa iliyokuja nyuma ya ukame. Mvua inasomba udongo na mbolea mpaka baharini, vijimea vya kijani vinavyoelea majini vinaongezeka, na hivyo ndivyo chakula cha watoto wa mwenye miiba katika wiki zao za kuelea. Miaka mitatu ni muda wa mtoto aliyeshiba kukua mpaka aonekane. Waonyeshe wanafunzi kwamba shamba lililoko mlimani na tumbawe lililoko chini ya maji wanaunganishwa na mtoto mmoja asiyeonekana kwa macho.

La pili ni walaji wake. Wapo wanaomla: konokono mkubwa ambaye gamba lake hupulizwa kama baragumu, kikande mkubwa, aina fulani za bunju, na yule samaki mkubwa mwenye nundu kichwani. Huyo konokono wamemuokota sana kwa ajili ya pambo la sebuleni. Watafiti waliochapisha mwaka 2017 walionyesha kwamba mwenye miiba akiinusa harufu yake tu majini anakimbia. Fiji, visiwa vya Lau, kazi iliyochapishwa mwaka 2004 ililinganisha visiwa vyenye uvuvi mdogo na vyenye uvuvi mkubwa. Kadiri uvuvi ulivyozidi na samaki walaji kupungua, wenye miiba waliongezeka mara elfu, na matumbawe na mwani mgumu unaojenga mwamba vikashuka kwa theluthi na zaidi.

Kuna jambo la tatu ambalo halisemwi sana nalo linanitisha zaidi. Mtoto anapotua mwambani hali matumbawe. Anakula ule mwani mgumu wa waridi unaoganda kwenye jiwe kama rangi. Kwa kawaida baada ya miezi kadhaa anabadili chakula. Mwaka 2020 ilionyeshwa maabara Australia kwamba akikosa matumbawe anaweza kubaki mdogo hivyo hivyo, anakula mwani, kwa zaidi ya miaka 6. Yaani mwamba ulioliwa ukabaki mtupu unaweza kuwa na mamia ya watoto wamejibanza chini ya vifusi, wakingoja matumbawe yarudi ndipo wakue.

#6 Binti wa Wete

Nimefuatilia mwanzo mwisho, ahsante. Ila kuna kitu sijaridhika nacho kaka. Nimesoma mahali kwamba Moorea matumbawe yalirudi, tena haraka, na picha nimeziona ni nzuri. Sasa kama bahari inajiponya ndani ya miaka kumi, kwa nini tuhangaike? Si ni kama moto wa nyika, majani yanaota tena?

#7 Mwambani

Dada, hili ndilo swali nililoanzishia uzi, na nashukuru umeliuliza waziwazi.

Kweli yalirudi. Februari 2010, mwamba ukiwa tayari umeliwa, kilikuja kimbunga Oli. Kilisomba mifupa ya matumbawe iliyokuwa imesimama, hasa upande wa kaskazini, kikaacha jiwe tupu. Mtu angesema basi, ndio mwisho. Kilichofuata kiliwashangaza watu wengi: mwani mrefu haukutawala. Jiwe lilibaki safi, watoto wa matumbawe wakatua kwa wingi, na kufika katikati ya muongo ule upande wa kaskazini ulikuwa umerudi kwenye kiwango cha kabla ya mlipuko.

Nani alilisafisha jiwe? Pono. Idadi yao ilipanda sana mteremko wa nje, wakawa wanakwangua mwani usiku haujaingia. Ukizamia kimya unawasikia, ile kwaruu, kwaruu ya meno kwenye jiwe. Sasa sikiliza hiki, maana ndicho kiini: pono hawa utotoni hawaishi mteremko wa nje. Wanalelewa maji ya ndani, kwenye mabonge ya Porites. Na wenye miiba, kama nilivyosema, mabonge ya ndani hawakuyamaliza. Kitalu kilibaki salama. Wazazi waliuawa nje, kwa maana ya matumbawe, lakini walezi walikuwa wakikua ndani, wakatoka kwenda kufanya kazi. Kazi hii ilichapishwa mwaka 2011 na timu inayofuatilia Moorea, na kwangu ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa niliyowahi kusoma kuhusu bahari.

Kwa hiyo bahari haikujiponya yenyewe tu, dada. Iliponywa na samaki ambao walikuwepo kwa sababu kitalu chao kilikuwepo.

Halafu neno "yalirudi" lina tundu. Hesabu tunayotumia ni asilimia ya jiwe lililofunikwa. Haisemi limefunikwa na nani. Moorea ilishapata mlipuko mwingine mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, na kuna eneo moja kaskazini magharibi, Tiahura, lililohesabiwa tangu 1979 mpaka 2003. Baada ya kila pigo matumbawe yalijaa tena. Lakini Acropora, waliokuwa wenyeji wakuu, hawakurudi kwenye nafasi yao. Pocillopora na Porites wakashika mahali pao. Vitatange nao wakabadilika vile vile, wale wa kutegemea Acropora wakapungua, wale wanaokula chochote wakabaki. Waandishi wa kazi ile, Berumen na Pratchett, waliiita kurejea bila ustahimilivu. Baada ya 2010 hadithi ilikuwa ile ile, Pocillopora ndio waliojaa.

Chukua Mji Mkongwe. Nyumba zote zibomoke, zijengwe tena idadi ile ile mahali pale pale, lakini zote za bati na tofali za saruji. Ukihesabu nyumba utasema mji umerudi.

Na mji wa aina moja una udhaifu wake. Mwaka 2019 joto la bahari lilipanda Moorea, na Pocillopora wale wale waliokuwa wamejaa ndio waliokufa kwa wingi. Safari hii hakikuja kimbunga. Mifupa ikabaki imesimama, vichaka vilivyokufa vyenye matawi, na katikati ya matawi mwani mrefu ukajificha mahali ambapo meno ya pono hayafiki. Pono walewale, kisiwa kilekile, ila mwani ukapata ngome.

Naomba tusome vizuri hapo. Mwenye miiba anaua tumbawe lakini anaacha nyumba imesimama. Mwanzoni hiyo ni afadhali kwa visamaki vidogo vinavyojificha kwenye matawi, vinaendelea kuishi kwenye nyumba za marehemu. Baadaye nyumba zinaoza na kumong'onyoka, na vile visamaki vinapungua miaka baada ya mwenye miiba kuondoka, wakati hakuna anayemkumbuka tena. Hayo ndiyo madhara yasiyoingia kwenye picha nzuri.

#8 Mvuvi Kijana

Mimi nitasema bila kuficha. Kila uzi wa bahari humu mwisho wake ni mvuvi aache kuvua. Sasa ni pono. Pono ndiye samaki wa dema, ndiye anayelipa ada ya watoto wangu. Mwenye miiba anakula matumbawe, tunaoambiwa tukae pembeni ni sisi. Hapo haki iko wapi?

#9 Mwambani

Kaka, una haki ya kukasirika na sikuandika haya kukunyooshea kidole. Baba yangu alikuwa mtu wa madema, nimesomeshwa na pono.

Nitakachosema ni kile baba alichokuwa akifanya mwenyewe. Dema lake lilikuwa na macho makubwa, na vile vidogo vyenye rangi ya kahawia, watoto wa pono, alivirudisha. Alikuwa akisema hao hawajafika bei. Siku hizi nayaona madema ya waya yenye macho yasiyopitisha hata kidole gumba, na juya linaburutwa kwenye majani na mabonge ya ndani, yaani kwenye kitalu chenyewe. Pono wakubwa wachache wakitolewa mwamba wa nje, wapo wa kuziba pengo. Kitalu kikikombwa, hakuna atakayetoka. Tofauti ya Moorea kuponyoka na kutoponyoka ilikuwa kwenye watoto wa maji ya ndani.

Kenya wana somo la jirani. Kwenye miamba iliyovuliwa sana, vikande walipoondolewa, nungu wa bahari, wale wanyama wa mviringo waliojaa miiba, wakazidi, wakala mwamba wenyewe. Ndani ya hifadhi za baharini ambako vikande wapo, nungu wa bahari ni wachache. Mnyama mwingine kabisa, mlango ule ule.

Na mzigo wote si wa mvuvi. Kila anayemwaga maji taka baharini, kila anayekata mikoko, anamlisha mtoto wa mwenye miiba. Hilo nalo lisemwe kwa sauti ile ile.

#10 Nahodha wa Zamani

Sasa huku kwetu. Bawe na Changuu viliumia, Chumbe ikanusurika. Nimekuwa nikijiuliza miaka yote.

#11 Mwambani

Nahodha, Chumbe ni hifadhi tangu miaka ya 1990, mwamba wake wa magharibi hauvuliwi. Mwaka 2004, wenye miiba walipokuwa wakitafuna miamba iliyo karibu na mji, walinzi wa Chumbe walianza kuwaondoa mmoja mmoja kwa mkono, kila wakionekana, na kuwazika nchi kavu. Matumbawe ya Chumbe yalibaki mazuri wakati ya Changuu na Bawe yakishuka. Kilichosaidia zaidi ni kuwaondoa au ni kule kutovuliwa, ni vigumu kuvitenganisha maana vyote vilikuwepo pamoja.

Ninachokijua ni kwamba kuondoa kunafaa eneo dogo, mapema, bila kukoma. Visiwa vya kusini mwa Japani kuanzia Okinawa walitoa kama milioni 13 katika miaka ya 1970 na 1980, na hawakuuzuia mlipuko. Walikuwa wanatoa baada ya kuchelewa, na kwenye eneo kubwa kuliko mikono. Australia wana boti na wazamiaji wa kazi hiyo tu, na bado kati ya 1985 na 2012 matumbawe ya ule Mwamba Mkuu yalishuka kutoka asilimia 28 mpaka karibu 14. Waliokokotoa walisema asilimia 42 ya upungufu huo ni kazi ya mwenye miiba, dhoruba 48, joto 10. Miaka iliyofuata joto limepanda ngazi, hesabu hiyo leo ingetoka tofauti.

#12 Mwalimu wa Sayansi

Swali la mwisho kutoka kwa mwanafunzi, binti wa miaka kumi na sita, na nimeshindwa kulijibu: kama wapo tangu enzi na enzi, si wana kazi yao? Wakiwa wachache wanafaidisha nini?

#13 Mwambani

Mwambie ameuliza walichobishania watu wazima.

Mwaka 1972 James Porter, akifanya kazi upande wa Pasifiki wa Panama, aliandika kwamba mwenye miiba anaongeza aina za matumbawe. Hoja yake ni hii: matumbawe yanayoota haraka huwafunika wengine na kuwanyima jua. Mwenye miiba akiyapenda hayo, anapunguza wababe, wanyonge wanapata nafasi. Kama mkulima anavyopalilia.

Peter Glynn alikwenda pwani hiyo hiyo, mwaka 1976 akatoa jibu tofauti. Wababe wa pale ni Pocillopora, na Pocillopora wana walinzi. Ndani ya kila kichaka wanaishi kaa wadogo, Trapezia, dume na jike, wa ukubwa wa kucha ya kidole gumba, na mara nyingi kamba mmoja mwenye gando kubwa linalolia kama kidole kinachopigwa. Mwenye miiba akigusa tawi, kaa wanatoka. Kwa hiyo analazimika kula wengine, wale wasio na walinzi, ambao ndio wachache. Hapo anapunguza aina badala ya kuziongeza. Tena Glynn aliona matumbawe yasiyo na walinzi yaliyozungukwa na pete ya Pocillopora yakipona, kwa sababu mwenye miiba hawezi kuivuka pete.

Mimi nawaamini wote wawili. Inategemea nani mbabe wa mwamba huo na nani ana walinzi.

Hili la kaa nimeliona. Mwezi uliopita, mwamba ule ule niliouanzia, mwenye miiba mmoja alikuwa ametoka kwenye meza iliyokwisha na anapanda kichaka cha waridi cha jirani. Aliweka mkono wa kwanza. Kaa mmoja akatokea katikati ya matawi, akaushika mwiba kwa gando akawa anaupandisha na kuushusha kama mtu anayetikisa mlango. Wa pili akashuka chini akakata zile nyuzi laini za kutembelea, moja baada ya nyingine. Mkono ukaondoka. Ukarudi upande mwingine, kaa wakahamia huko. Nilikaa mpaka hewa yangu ikafika kiwango cha kurudi, dakika kumi na nane, na kichaka kilikuwa bado kizima, na yule mwenye miiba alikuwa ameshageuka anaelekea kwenye mchanga.

Mwanafunzi akija Unguja, mwalimu, nitumie ujumbe hapa. Nitampeleka akakione. Kiko kina cha mita nne tu wakati wa maji kupwa, kioo cha kuogelea kinatosha.